Utepe Mwekundu Juu ya Herufi M

Kisanduku cha vidonge cha mzee kina vyumba 7, na juu ya kila kifuniko imechapwa herufi ya kwanza ya jina la siku kwa Kiingereza. Jumatatu ya mwisho ya Novemba 2013, nikiwa na wiki 3 tu kazini kwake, nilifika saa moja asubuhi nikakuta kifuniko cha Jumatatu kimebandikwa utepe mwekundu, vipande viwili vilivyopishana kama alama ya kosa kwenye daftari la mwanafunzi. Nikajua daktari kasimamisha dawa. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie muuguzi msimamizi, mzee akaniambia, macho yake yakiwa bado dirishani, kwamba dawa hazina tatizo lolote. Tatizo ni M. Wiki hii, ndani ya nyumba hii, herufi hiyo haionekani.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, hapa Columbus, jimbo la Ohio. Mzee huyu, ambaye jina lake halimhusu mtu, nimekuwa naye kila Jumatatu na kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka 11. Alizaliwa 1938, akakulia karibu na uwanja wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ule wenye umbo la kiatu cha farasi unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Nilipoanza kazi sikujua hata pointi za mpira wa Kimarekani zinahesabiwaje. Kwangu ilikuwa ni watu wakubwa wamevaa kofia ngumu wanagongana. Yeye ndiye aliyenifundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, na siku hizi wenzangu wanaponiambia kwamba mchezo huu hauna maana yoyote, naumia kama vile wamemsema mtu wa nyumbani kwangu.

M ni Michigan, chuo kikuu cha jimbo jirani. Wiki ya mechi yao na Ohio State, hata chuoni kwenyewe watu huzunguka na utepe mwekundu wakifuta kila M wanayoiona kwenye mabango na majina ya majengo. Majimbo haya mawili yalishawahi kufikia hatua ya kuitana askari kwa ajili ya mji wa Toledo, mwaka 1835, na timu za vyuo vyao zilikutana mara ya kwanza 1897. Watani wa jadi hasa.

Kinachopaswa kueleweka kwanza ni kalenda. Timu ya chuo hucheza mechi 12 tu za kawaida, moja kwa wiki, kuanzia mwisho wa Agosti. Ukifungwa Septemba, una miezi miwili ya kujisafisha. Ukifungwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, huna kitu mbele yako. Na wapanga ratiba, kwa mazoea ya miaka mingi, Jumamosi hiyo hiyo ndiyo wanayomwekea kila mtu mtani wake. Mtani huyo anaweza kuwa amepoteza karibu mechi zote. Anaweza kuwa kocha wake anafukuzwa kazi kesho yake asubuhi. Lakini akikuangusha wewe, mwaka wake umepona, na wako umeharibika. Na siku zile za 2013 mambo yalikuwa makali zaidi, kwa sababu kati ya timu zaidi ya 120 zilikuwa zinachaguliwa 2 pekee kugombea ubingwa wa taifa. Kufungwa mara moja mwishoni ilikuwa karibu sawa na kufungiwa mlango.

Sasa ile Jumamosi, tarehe 30 Novemba 2013.

Saa sita mchana Ohio State walicheza Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan. Walikuwa hawajafungwa msimu mzima, mechi 11, na Michigan walikuwa wamepoteza 4. Nilidhani nitaona kipigo. Zikiwa zimebaki sekunde 32 Michigan wakafunga tachidauni, yaani wakaufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, matokeo yakawa 42 kwa 41. Hapo kuna njia mbili: piga mkwaju mwepesi wa pointi 1 mtoke sare, au jaribu kuuingiza mpira tena kwa pointi 2 umalize kazi. Kocha wa Michigan akaamua kuimaliza. Wakatupa pasi, Tyvis Powell wa Ohio State akainasa. Mzee hakushangilia. Alifumba macho, akaniomba maji.

Nikadhani tumemaliza. Akaniambia nisizime televisheni, saa tisa na nusu kuna nyingine, Alabama kwa Auburn, na hiyo inatuhusu. Ohio State walikuwa nafasi ya 3. Alabama walikuwa wa 1, mabingwa wa miaka miwili mfululizo, hawajafungwa.

Mechi ya Alabama na Auburn inaitwa Iron Bowl, kwa ajili ya chuma cha Birmingham, mji ambako ilichezwa kwa miongo kadhaa. Vyuo hivi vya jimbo moja viliwahi kugombania posho za wachezaji na waamuzi, vikaacha kucheza pamoja tangu 1907 hadi 1948. Miaka 41 ya kununiana! Mwaka 2012 Auburn walikuwa hoi kabisa, ushindi 3 na vipigo 9, na Alabama waliwapiga 49 kwa 0. Mwaka mmoja tu baadaye, kocha mpya Gus Malzahn alikuwa amewafikisha nafasi ya 4.

Nimeiangalia dakika ile ya mwisho mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo niacheni niieleze polepole. Ni 28 kwa 28. Alabama wanakimbia na mpira, mchezaji wao T.J. Yeldon anatoka nje ya mstari, saa inasoma sifuri. Kila mtu anajua sasa ni muda wa nyongeza. Lakini kocha wa Alabama, Nick Saban, anawafuata waamuzi: ilikuwa imebaki sekunde 1. Wanaangalia picha za video. Kweli, ilibaki sekunde 1. Wanairudisha.

Kwa sekunde hiyo moja Saban anaamua kupiga mkwaju kutoka yadi 57. Mpigaji wake wa kawaida, Cade Foster, mambo yalikuwa yamemkataa siku nzima, kwa hiyo anaingizwa kijana Adam Griffith. Auburn wanaomba muda. Wanamtoa mtu, wanampeleka Chris Davis asimame peke yake nyuma kabisa, chini ya milingoti. Mzee akainama mbele. Akaniambia neno moja: "Angalia."

Watu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, hawakujua kwamba mkwaju ukiwa mfupi mpira bado uko hai. Aliye nyuma anaweza kuudaka akakimbia nao. Na wale 11 wa Alabama waliokuwa uwanjani walikuwa wamepangwa kwa kazi moja, kumkinga mpigaji: wengi wao majitu mazito wa kuzuia, si watu wa kumfukuza mtu mwepesi. Mpira ukapungukiwa. Davis akaudaka karibu kabisa na mstari wa nyuma, akaanza kama anakwenda katikati, kisha akakata kushoto, akaufuata mstari wa pembeni. Uwanja mzima, zaidi ya yadi 100, na hakuna aliyemgusa. 34 kwa 28. Saa ilishaisha zamani. Wakati anafika, mashabiki walishaanza kumiminika uwanjani.

Mzee alinyanyuka kwenye kiti bila fimbo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akisimama mwenyewe, nikamrukia nimshike kiuno asianguke, na tukabaki hivyo katikati ya sebule, mimi nimemkumbatia, yeye mikono juu. Ile sekunde 1, Alabama ndio walioidai wenyewe. Hilo ndilo lililonikamata. Sikuwahi tena kuwa mgeni wa mchezo huu.

Nitasema na lililofuata, kwa sababu ni sehemu ya jambo lenyewe: Ohio State wakapanda nafasi ya 2, na wiki moja baadaye, Indianapolis, wakafungwa na Michigan State, chuo kingine cha jimbo lile la Michigan, 34 kwa 24. Ushindi 24 mfululizo ukakatika usiku mmoja. Auburn ndio waliokwenda kugombea ubingwa, wakapoteza kwa Florida State, 34 kwa 31, zikiwa zimebaki sekunde 13. Mzee alizima televisheni ya Indianapolis kwa mkono wake mwenyewe, rimoti iko pembeni.

Baada ya kipigo kile ndipo aliponisimulia ya 1950. Alikuwa na miaka 12, baba yake akampeleka uwanjani tarehe 25 Novemba katikati ya tufani ya theluji. Tiketi zaidi ya 80,000 zilikuwa zimeuzwa, wakaja watu kama 50,000. Mistari ya uwanja haikuonekana, watu walikuwa wanaisafisha kwa mafagio. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuushika mpira, kwa hiyo timu zote mbili zikawa zinaupiga mbali kuwaachia wapinzani, mara 45 kwa jumla. Michigan walirusha pasi 9, haikufika hata moja. Siku nzima hawakuweza kusogea yadi 10 kwa majaribio yao 4 hata mara moja. Na wakashinda. 9 kwa 3.

Walishindaje? Pointi 2 zilitokana na mkwaju wa Vic Janowicz, nyota wa Ohio State aliyetunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule, uliozuiwa mpira ukatoka nyuma ya mstari wa mwisho. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde chache kwenda mapumziko, Ohio State wakaamua kuupiga mpira mbali tena badala ya kuacha saa iishe. Ukazuiwa, Tony Momsen wa Michigan akauangukia ndani ya eneo la mwisho. Basi. Mzee anasema baba yake alirudia njia nzima hadi nyumbani: "Kwa nini hawakuacha saa iishe?" Miaka 63 ilikuwa imepita na mzee alikuwa bado analiuliza swali la baba yake, kwa sauti ya kutaka kujibiwa. Kocha, Wes Fesler, alijiuzulu baada ya msimu huo. Aliyekuja badala yake 1951 ni Woody Hayes, mtu ambaye mji huu unamtaja kama mwanzilishi wa ukoo.

Wiki moja baada ya theluji ile, mzee anakumbuka, redio ikaleta habari nyingine: timu ya jeshi la nchi kavu, Army, iliyokuwa haijafungwa katika mechi 28, imepigwa 14 kwa 2 na Navy, timu ya jeshi la majini, kibonde aliyekuwa ameshinda mechi 2 tu mwaka mzima. Baba yake alifurahi kama mtu aliyepewa mkono wa pole.

Yeye mwenyewe kinachomuuma zaidi si theluji. Ni 1969. Ohio State walikuwa mabingwa wa taifa, ushindi 22 mfululizo, na magazeti yalikuwa yanawaita timu bora kuliko zote. Mwaka uliotangulia walikuwa wameipiga Michigan 50 kwa 14, na walipofunga tachidauni ya mwisho, mechi ikiwa imeshakufa, Hayes akataka pointi 2 za ziada badala ya mkwaju wa 1. Michigan wakamleta kocha mpya, Bo Schembechler, aliyewahi kuwa msaidizi wa Hayes mwenyewe. Mwanafunzi akarudi kumkabili mwalimu. Katika mazoezi ya wiki ile, wachezaji wa akiba wa Michigan walivishwa namba 50, ili ile pointi 50 isisahaulike. Tarehe 22 Novemba pasi 6 za Ohio State zilinaswa. 24 kwa 12.

Mzee alikuwa na miaka 31, ana mke na mtoto mchanga. Anasema hakula chakula cha jioni. Nilimuuliza, mimi ambaye kazi yangu ni kuhakikisha amekula, kama hakuona ni jambo dogo kukosa chakula kwa ajili ya mpira. Akanijibu kwamba timu dhaifu ikikufunga, umekutana na bahati mbaya. Mtu aliyekaa mezani kwako akikufunga, ulimfundisha wewe. Nimelifikiria jibu hilo sana.

Kuna muuguzi anayekuja kumpima presha mara moja kwa mwezi, mtu wa West Virginia. Siku moja nilitaja mbele yake namba 13 na 9, nikiwa ndio kwanza nimejifunza, najiona mjuzi. Akanyamaza. Akafunga kifaa chake, akaniomba kwa upole nisizitaje tena. Desemba 1, 2007: West Virginia walikuwa nafasi ya 2, nyumbani kwao Morgantown, ushindi mmoja tu wawe kwenye fainali ya taifa. Wapinzani walikuwa Pittsburgh, jirani wa umbali wa saa moja na nusu kwa gari, wenye ushindi 4 na vipigo 7. Wacheza kamari walikuwa wanawapa West Virginia pointi 28 mbele. Kwotabeki wao, yaani mrusha pasi mkuu, Pat White akaumia kidole gumba, mikwaju miwili ya karibu ikapotea, na Pittsburgh wakampa mpira LeSean McCoy tena na tena hadi saa ikaisha. 13 kwa 9. Wiki mbili baadaye kocha wao, aliyekulia jimbo hilo hilo, akaondoka kwenda Michigan. Usiku ule ule Missouri, waliokuwa wa 1, walifungwa pia, na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, wenye vipigo 2 wakapanda hadi fainali na kuchukua kombe. Nimejifunza kuuliza mtu anatoka wapi kabla sijataja namba.

Watu hunitajia California na Stanford ya 1982, pasi 5 za kurudisha nyuma na bendi ya Stanford iliyokwisha kuingia uwanjani ikidhani mechi imeisha. Ni kweli ni tukio la ajabu. Mimi hainikamati vile, kwa sababu hakukuwa na jitu lililoangushwa. Harvard na Yale ya 1968 naipenda zaidi: Harvard walifunga pointi 16 katika sekunde 42 za mwisho wakatoka 29 kwa 29, na gazeti la wanafunzi wa Harvard likaandika kwamba Harvard wameishinda Yale 29 kwa 29. Nani atawabishia?

Lakini sitaki kuandika kana kwamba chuki hii ni tamu wakati wote. Baada ya Auburn kushinda Iron Bowl ya 2010, shabiki mmoja wa Alabama aliimwagia sumu miti mikubwa ya mialoni kwenye kona ambako watu wa Auburn husherehekea ushindi wao. Miti ile ilikatwa Aprili 2013, miezi 7 kabla ya Davis kukimbia. Nilipomwambia mzee nimesoma habari hiyo alikasirika kweli. Alisema utepe unatoka. Mti hautoki ukarudi.

Na utepe ulikuwa na sheria yake. Unabandikwa Jumatatu ya wiki ya Michigan, unatolewa baada ya ushindi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nautoa kila Jumatatu iliyofuata, maana Ohio State walikuwa wanashinda tu, hadi 2019. Mwaka 2020 mechi haikuchezwa kwa ajili ya korona. Mwaka 2021 wakafungwa 42 kwa 27. Utepe ukabaki. Mwaka 2022 wakafungwa, 2023 wakafungwa. Nilikuwa nabadilisha tu vipande vinapochakaa.

Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 2024, miaka 11 kamili tangu ile sekunde 1. Mzee ana miaka 86, hanyanyuki tena peke yake. Ohio State wa 2, nyumbani. Michigan ushindi 6 na vipigo 5, nyota wao wawili, Will Johnson na Colston Loveland, hawachezi. Pengo la wacheza kamari lilikuwa karibu pointi 20. Nilimwambia mzee, leo nautoa. Hakujibu.

Sijui nianzie wapi. Ohio State wenye washambuliaji wa pembeni wenye kasi vile waliendelea kuusukuma mpira katikati, penye ukuta mnene kuliko wote wa Michigan. Kipindi chote cha pili hawakupata hata pointi 1. Kalel Mullings akaponyoka na mpira yadi 27, na zikiwa zimebaki sekunde 45 Dominic Zvada akapiga mkwaju wa karibu. 13 kwa 10. Wachezaji wa Michigan wakaja na bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Nilitaka kuzima. Mzee akasema acha. Aliangalia yote.

Zamani msimu ungekuwa umeishia hapo. Lakini 2024 ndio mwaka wa kwanza wa mashindano ya timu 12, na Ohio State wakaingia wakiwa nafasi ya 8. Wakaipiga Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na tarehe 20 Januari 2025, Atlanta, wakaifunga Notre Dame 34 kwa 23. Mabingwa wa taifa. Nimesikia watu wakisema mfumo huu umeing'oa meno Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kwamba kipigo cha mtani sasa ni mkwaruzo tu. Niliogopa wana hoja.

Fainali ilichezwa Jumatatu usiku, na nilibaki naye ingawa zamu yangu ilikuwa imekwisha. Alilia, akaniomba simu ampigie mwanawe. Nilipomaliza kumpa dawa za usiku nikaona sasa ndio wakati wenyewe. Nikaingiza ukucha chini ya utepe kwenye kifuniko cha Jumatatu. Mkono wake ukaja juu ya wangu, mwepesi, baridi.

"Huo ni wa Michigan," akasema. "Uache."

Nikaubonyeza ukashika tena, nikamfunika blanketi.